Sauti na Uso: Uhakiki wa Kazi ya Marni Nixon

Mwigizaji wa mchezo wa nyimbo hubeba mizigo mitatu kwa mara moja. Hana budi kusema maneno ya mchezo kama kwamba ni yake, kuimba nyimbo zake bila ya kukosa, na kutenda kwa mwili yale ambayo maneno na nyimbo haviwezi kuyaeleza. Wachache hujaaliwa vipawa hivyo vitatu kwa kipimo kilicho sawa. Huyu ana uso unaovuta macho ya watu elfu, lakini pumzi yake haifiki mwisho wa mstari. Yule ana sauti kama zumari, lakini akisimama mbele ya watu mikono yake humwelemea, hajui aiweke wapi. Jukwaani upungufu kama huo hausitiriki, kwa sababu mtazamaji na mwigizaji wamo katika nyumba moja na wanavuta hewa moja. Katika sinema mambo ni mengine. Tangu filamu zilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920, mitambo imeweza kuchukua uso wa mtu mmoja na sauti ya mtu wa pili, ikaviunga pamoja hata mtazamaji asiuone mshono.

Katika historia ya mshono huo, kazi inayostahili kuchunguzwa kuliko zote ni ya Marni Nixon, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2016. Sauti yake ilisikiwa katika filamu tatu kubwa za nyimbo za karne ya ishirini: The King and I ya mwaka 1956, West Side Story ya mwaka 1961, na My Fair Lady ya mwaka 1964. Nyuso zilizoonekana zilikuwa za Deborah Kerr, Natalie Wood na Audrey Hepburn. Filamu hizo tatu zilipata jumla ya tuzo 23 za Oscar. Zilipotolewa, jina la Nixon halikuwamo katika orodha ya majina ya filamu hata moja.

Aghalabu wanaomtaja Nixon hufuata mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza humhurumia, wakamfanya kuwa mfanyakazi aliyedhulumiwa haki yake, wakaishia hapo. Wa pili humstaajabia, wakamfanya kuwa mwigaji hodari wa sauti za watu, kama vile kasuku asifiwavyo kwa kusema maneno asiyoyajua. Wa kwanza wanasema kweli lakini hawahakiki. Wa pili wanahakiki lakini hawasemi kweli. Swali linalomfaa mwanafunzi wa sanaa ni jingine: Je, kuimba kwa kinywa cha mtu mwingine ni sanaa au ni hila? Filamu tatu zilizotajwa zikiwekwa bega kwa bega, hutoa jibu ambalo halipatikani kwa kuitazama moja peke yake. Kazi ya sauti na uso hufaulu pale wenye sauti na wenye uso wanapofanya kazi pamoja wakijuana. Nayo huingia ufa pale mmoja wao anapofichwa yanayotendwa.

Kwanza yafaa kujua ni mtu wa namna gani aliyeitwa kwa kazi hiyo. Alizaliwa Altadena katika jimbo la California, tarehe 22 Februari 1930, akaitwa Margaret Nixon McEathron. Alianza kujifunza fidla akiwa mtoto wa miaka minne, na katika utoto wake alionekana kwenye filamu miongoni mwa watu wasio na maneno ya kusema. Alipokuwa msichana alipata kazi ya utarishi katika studio ya MGM, akawa anapeleka barua na karatasi kutoka ofisi hii hadi ile. Katika nyumba hiyohiyo ya filamu sauti yake ilijulikana, akatakiwa amwimbie mwigizaji mtoto Margaret O'Brien katika Big City ya mwaka 1948, na tena katika The Secret Garden ya mwaka 1949. Katika Joan of Arc ya mwaka 1948 aliimba sauti za malaika anazozisikia Ingrid Bergman. Mwaka 1951 alikuwa miongoni mwa maua yanayoimba katika filamu ya michoro ya Alice in Wonderland, na mwaka 1953 alimkamilishia Marilyn Monroe noti za juu katika Gentlemen Prefer Blondes. Kwa hiyo, alipofika umri wa miaka ishirini na mitatu, alikwisha kuwa mtoto, malaika, ua na mrembo wa mjini, na katika hayo yote hakuna aliyemwona.

Wepesi huo haukuwa wa bahati. Nixon alijaaliwa sikio linaloitambua noti bila ya kupigiwa ala, na aliweza kuimba wimbo mgeni kwa kuusoma katika karatasi mara ya kwanza. Vipawa hivyo vilimfungulia mlango mwingine ambao watazamaji wa sinema hawakuujua. Katika miaka ya 1950 aliimba muziki mgumu wa wakati wake, na alikuwa mmoja wa waimbaji katika mkusanyo wa santuri za kazi za Anton Webern, zilizoongozwa na Robert Craft na kutolewa mwaka 1957. Nyimbo za Webern ni fupi, noti zake huruka kutoka chini hadi juu bila ya ngazi, na mwimbaji hapati msaada wowote wa kuegemea katika ala. Ikiwa mtu aliweza kusimama peke yake katika jangwa hilo, hawezi kuitwa kasuku. Mwaka 1954 alikwisha kupanda jukwaa la Broadway katika mchezo wa nyimbo The Girl in Pink Tights. Basi aliyeitwa kuazimisha sauti yake mwaka 1956 hakuwa mtu aliyekosa pa kuimbia, bali alikuwa mwanamuziki kamili.

Filamu ya kwanza kati ya zile tatu, The King and I, yahusu mwalimu Mwingereza anayekwenda Siam kuwafundisha watoto wa mfalme. Deborah Kerr alikuwa mwigizaji mwenye heshima na utaratibu, lakini hakuwa mwimbaji. Alilijua hilo, wala hakuliona haya. Wakati wa matayarisho, Nixon alisimama karibu na Kerr akimwangalia anavyovuta pumzi, anavyoinua kidevu, anavyotamka herufi zake za Kiingereza cha Uingereza. Naye Kerr aliutazama mwili wa Nixon ili ajue shingo ya mwimbaji hukazana wapi noti inapopanda, na kifua huinuka vipi kabla ya mstari mrefu. Kwa hiyo ulikuwa mkopo wa pande mbili: mmoja alikopa sauti, wa pili alikopa namna ya kusema.

Matunda ya kazi hiyo husikika zaidi katika santuri ya filamu, katika wimbo ambao mwalimu, akiwa peke yake chumbani, anamtolea mfalme hasira zake zote. Wimbo huo una maneno ya kusemwa yaliyochanganyika na maneno ya kuimbwa, na mara nyingine mstari mmoja huanza kwa kusema ukaisha kwa kuimba. Sehemu za kusema ni za Kerr. Sehemu za kuimba ni za Nixon. Msikilizaji anayejua siri hiyo, hata akitega sikio kwa makusudi, hupata shida kuonyesha pale mmoja anapoishia na mwingine anapoanzia. Hasira ni moja, pumzi ni moja, na mtu anayesikika ni mmoja. Hapo hakuna sauti ya Nixon iliyovikwa uso wa Kerr, wala uso wa Kerr uliotiwa sauti ya Nixon. Yupo mtu wa tatu, Anna, ambaye hawa wawili walimzaa kwa pamoja. Kerr aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na kwa haki nusu ya heshima hiyo ni ya mwenzake.

Wakuu wa studio hawakupenda jambo hilo lijulikane. Nixon alisimulia baadaye kwamba alionywa kuwa siri ikivuja hatapata kazi tena mjini humo. Aliyeivunja siri alikuwa Kerr mwenyewe, aliyemtaja mwenziwe hadharani. Tendo hilo ni la uungwana, lakini thamani yake kwa mhakiki ni kubwa kuliko uungwana. Linaonyesha kuwa katika kazi hii wenye kutenda hawakufichana neno; waliofichwa ni watazamaji tu. Mwaka uliofuata, wawili hao walishirikiana tena katika An Affair to Remember.

Hali ya West Side Story ilikuwa nyingine. Filamu hii, yenye muziki wa Leonard Bernstein na maneno ya Stephen Sondheim, yahamishia kisa cha Romeo na Juliet katika mitaa ya New York, katikati ya ugomvi wa vijana wa makundi mawili. Natalie Wood, aliyekuwa Maria, alizirekodi nyimbo zake kwa sauti yake, akapigwa picha akizifuata, naye akitumaini kwamba sauti hiyo ndiyo itakayosikiwa. Walioongoza kazi walijua mapema kwamba sauti hiyo haitoshi, lakini hawakumwambia. Picha zilipokwisha kupigwa, Nixon aliingizwa chumbani akaambiwa aimbe kwa kufuata midomo iliyokwisha kufunguka na kufungwa. Katika The King and I sauti na mwili vilikua pamoja. Hapa sauti ilishonwa kama kiraka juu ya nguo iliyokwisha kuvaliwa.

Nixon aliifanya kazi hiyo kwa ustadi unaotisha. Pale Wood alipochelewa, naye alichelewa. Pale alipowahi, aliwahi. Na bado alitakiwa asiachane na okestra. Zaidi ya hayo, katika wimbo wa pamoja unaotangulia mapigano, mwimbaji aliyepangiwa sehemu ya Anita hakuweza kuimba kwa sababu ya maradhi, basi Nixon akaimba sehemu ya Maria na sehemu ya Anita pia. Katika dakika hizo chache Maria na Anita wanajibizana kwa koo moja, mmoja kwa tumaini na wa pili kwa tamaa, na wasikilizaji wengi hawakugundua. Ikiwa uigizaji ni kuwa mtu mwingine, hapa pana mtu mmoja aliyekuwa wawili pasipo msaada wa nguo, taa wala uso.

Walakini ufa upo, na haupo katika sauti. Upo kati ya sauti na jicho. Maria wa Wood anaposema, ni msichana mwenye wasiwasi, sauti yake ina mikwaruzo ya mtu anayejifunza kupenda na kuogopa kwa pamoja. Anapoimba, wasiwasi wote huondoka, na mahali pake hushuka sauti safi, iliyonyooka, isiyo na hofu. Mtazamaji huvuka kutoka kwa msichana mmoja hadi kwa mwingine kila wimbo unapoanza. Kosa hilo si la Wood, ambaye hakupewa nafasi ya kumsikia mwimbaji wake na kumfuata. Wala si la Nixon, ambaye hakupewa nafasi ya kukaa na mwigizaji akazijua hofu zake. Ni kosa la wale waliowatenga, wakidhani kwamba sauti ni kitu cha kutiwa baadaye, kama rangi katika ukuta.

My Fair Lady ni mfano wa tatu, nao una kinaya kikubwa kuliko yote. Mchezo huu umetokana na Pygmalion ya George Bernard Shaw, nao ni kisa cha Eliza, muuza maua wa London ambaye bwana mmoja mtaalamu wa matamshi anamfundisha kusema Kiingereza cha mabwana hata watu wamdhanie kuwa bibi mkubwa. Ni mchezo juu ya sauti: nani ana haki ya kuibadilisha sauti ya mtu, na nini hubaki cha mtu huyo inapokwisha kubadilishwa. Jukwaani Broadway, mwaka 1956, Eliza alikuwa Julie Andrews, aliyekuwa na vipawa vyote vitatu vilivyotajwa mwanzoni. Jack Warner, mwenye studio, hakumtaka katika filamu kwa sababu hakuwa amejulikana kwa watazamaji wa sinema. Akamchukua Audrey Hepburn. Hepburn akajifunza kuimba, akarekodi nyimbo, akapigwa picha baadhi ya nyimbo hizo zikipigwa kwa sauti yake. Kisha sehemu kubwa ikaondolewa, na Nixon akaitwa. Hivyo studio ilimtendea Hepburn yale ambayo Profesa Higgins anamtendea Eliza: ilimchukua mwanamke ikamwambia kwamba umbo lake latosha, lakini sauti yake haifai kusikiwa mbele ya watu.

Nixon na Hepburn walipatana vizuri, na Hepburn alimpa mwenzake msaada na heshima. Lakini uamuzi ulikuja umechelewa, na kuchelewa huko kunasikika. Katika wimbo ambao Eliza anamwapiza Higgins, sehemu za ukali na lahaja ya mtaani ni za Hepburn mwenyewe, na sehemu ya katikati, anapoota kwamba Mfalme amemheshimu, ni ya Nixon. Mshono wake unasikika kwa sikio lolote lililo zima. Baadhi ya picha zilizounganishwa na sauti ya Hepburn zimehifadhiwa, na waliozisikia wanaweza kulinganisha. Sauti ya Hepburn ni nyembamba na haiwezi kubeba noti zilizo juu. Lakini ina kitu cha muuza maua, ina baridi ya asubuhi na njaa. Sauti ya Nixon ni kamilifu. Na katika nusu ya kwanza ya kisa ukamilifu huo ndio upungufu wake. Eliza wake huimba kama bibi mkubwa kabla ya kufundishwa kuwa bibi mkubwa. Mhakiki mwaminifu hana budi kulisema hilo, kwa maana kumhurumia Nixon kwa dhuluma aliyotendewa si sababu ya kuificha kasoro ya kazi yake. Anastahili kuhukumiwa kama msanii, na msanii huhukumiwa kwa mema na mabaya yake.

Tuzo za Oscar za filamu za mwaka 1964 zilikuwa kama hukumu juu ya jambo hilo. My Fair Lady ilipata tuzo 8, lakini Hepburn hakuteuliwa hata kuwania. Aliyepata tuzo ya mwigizaji bora wa kike ni Julie Andrews, kwa Mary Poppins. Na katika Mary Poppins pia Nixon alikuwamo: alikuwa sauti ya bata bukini wanaoimba.

Huenda mtu akadai kwamba maneno haya yote ni bure, kwa sababu sauti ya kuazimwa ni uongo tangu mwanzo, na uongo hauna uzuri wala ubaya wa kupimwa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana hoja za kumjibu zilizo karibu naye. Katika taarabu, anayetunga shairi aghalabu si yule anayeliimba. Mwanamume hutunga maneno ya mwanamke aliyeachwa, na mwanamke huyaimba mbele ya waalikwa, na wanaotunza hutunza kwa sababu maneno yamewagusa. Hakuna asemaye kwamba amedanganywa. Vilevile watazamaji wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, waliozitazama filamu za Kihindi kwa miaka mingi, walijua kwamba mwigizaji anayefungua kinywa katika picha siye anayeimba. Walimpenda mwigizaji kwa uso wake, na walimpenda Lata Mangeshkar kwa sauti yake, wala mapenzi ya mmoja hayakupunguza ya mwingine.

Kisa cha Lata chafaa kulinganishwa na cha Nixon kwa sababu walizaliwa karibu wakati mmoja, Lata mwaka 1929 na Nixon mwaka 1930, na kazi yao ilikuwa moja. Mwaka 1949 ilipotoka filamu ya Mahal, santuri ya wimbo wake mashuhuri iliandikwa jina la mhusika wa filamu, si la mwimbaji. Wasikilizaji wa redio walitaka kujua ni nani aliyeimba, na jina la Lata likatangazwa. Tangu hapo waimbaji wa filamu za India wakawa wanajulikana kwa majina, na mwaka 1959 tuzo za Filmfare zikaanza kumtunza mwimbaji wa filamu kwa tuzo yake mwenyewe. Kazi ileile iliyofanywa Hollywood kwa siri ilifanywa Bombay kwa uwazi. Huku ilizaa aibu na vitisho. Kule ilizaa fani yenye walimu, wafuasi na historia. Basi kuazima sauti si uongo. Uongo ni kulificha jina la aliyeazimwa.

Washairi wa Kiswahili waliijua sheria hiyo zamani. Mshairi anapofika kaditama, mara nyingi hutia jina lake katika ubeti, au hutaja mahali anapokaa, ili shairi likisafiri kutoka kinywa hadi kinywa lisipotee kwa mwenyewe. Waimbaji nao wameinufaika nayo. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, santuri zilirudi pwani zikiwa na jina lake, na watu ambao hawakupata kuuona uso wake walimjua kwa sauti na kwa jina. Nixon alikuwa kinyume chake: mamilioni waliisikia sauti yake na wakaitia uso, lakini uso usiokuwa wake, na jina lisilokuwa lake. Katika filamu zake kaditama iliondolewa.

Suala la jina lilikuwa pia suala la riziki. Katika desturi ya Hollywood ya wakati ule, mwimbaji wa siri alilipwa ujira wa kazi, akaenda zake. Santuri za filamu ziliuzwa miaka na miaka bila ya yeye kupata kitu. Nixon alidai sehemu ya mapato ya santuri ya West Side Story. Hakupewa na waliokuwa na wajibu, bali Bernstein alimkatia robo ya asilimia moja kutoka katika mrabaha wake mwenyewe. Kiasi hicho ni kidogo, lakini maana yake ni kubwa: mtunzi alikiri kwamba aliyeimba ni mshiriki katika kazi, si chombo kilichokodiwa.

Wanaomkumbuka Nixon kwa filamu tatu tu humdhulumu mara ya pili, maana miaka iliyofuata ilikuwa mingi na yenye kazi nyingi. Mwaka huohuo wa 1964, katika ukumbi wa City Center mjini New York, alipanda jukwaani akawa Eliza yeye mwenyewe, kwa uso wake, mwili wake na sauti yake. Mwaka 1965 alionekana kwa mara ya kwanza katika filamu kubwa akiimba kwa kinywa chake, alipokuwa Sista Sophia katika The Sound of Music, pamoja na Julie Andrews. Wakakutana hapo wanawake wawili ambao Eliza wa sinema aliwapita kando: mmoja aliyenyimwa nafasi, na mwingine aliyenyimwa jina. Tena katika filamu hiyohiyo Christopher Plummer na Peggy Wood waliimbiwa na watu wengine, na Nixon, aliyewaimbia watu maisha yake yote, akawa miongoni mwa walioimba wenyewe.

Baadaye alifundisha kuimba, akatoa santuri za nyimbo za Schoenberg na Copland, na mjini Seattle akaongoza kipindi cha televisheni cha watoto kilichoitwa Boomerang, kilichompatia tuzo nne za Emmy za eneo hilo. Mwaka 1998, katika filamu ya michoro ya Mulan, bibi wa Mulan alisema kwa sauti ya June Foray na kuimba kwa sauti ya Nixon. Safari hiyo hapakuwa na siri, na kwa hiyo hapakuwa na aibu. Aliporudi Broadway alikuwa mzee: alikuwamo katika James Joyce's The Dead mwaka 2000, katika Follies mwaka 2001 na katika Nine mwaka 2003. Mwaka 2006 alichapisha kitabu cha maisha yake, I Could Have Sung All Night, ambamo alizitaja kwa jina lake nyimbo alizoziimba kwa majina ya wengine.

Ukitazama mwendo wote huo, kuanzia maua ya mwaka 1951 hadi bibi wa Mulan, yaonekana kwamba umahiri wa Nixon haukuwa wa kuwaiga watu. Mwigaji hutazama nje ya mtu akayarudia yanayoonekana. Nixon alitafuta jinsi mtu anavyopumua, mahali anaposita, neno analoliogopa, kisha akaimba kutoka hapo. Alipopewa nafasi ya kukaa na mwigizaji, kama alivyokaa na Kerr, alifanya kazi isiyopata kushindwa katika fani yake. Aliponyimwa nafasi hiyo, alitoa sauti nzuri iliyokosa mtu wa kukaa ndani yake. Mwanafunzi anayetaka kuhakiki sauti katika sinema, au katika mchezo wa redio, au katika vikaragosi vya watoto, ataona faida ya kuanza na maswali matatu: nani aliyeimba, alikutana na nani kabla ya kuimba, na nani aliyefichwa. Majibu ya maswali hayo hueleza mengi kuliko sifa za utamu wa sauti.

Mwaka 2007, New York Philharmonic ilipoandaa My Fair Lady, Nixon alikuwamo tena, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Na mwaka 2008 alizunguka na mchezo huohuo katika miji ya Marekani. Safari hii hakuwa Eliza. Alikuwa Bi Higgins, mama wa profesa, mwanamke mwenye busara ambaye humwonea huruma msichana aliyebadilishwa sauti na kumkaripia mwanawe kwa kumfanya mchezo. Katika tamthilia nzima ya nyimbo, Bi Higgins hapewi wimbo hata mmoja. Watazamaji walimwona usoni, wakamsikia akisema, na jina lake lilikuwamo katika orodha ya waigizaji.